Watazamaji wamesema “inachosha”: kutafuta ugonjwa wa video ya muziki ya wanafunzi

Mmepiga picha kwa siku mbili, mmehariri kwa wiki tatu, kisha mkawakalisha wanafunzi wenzenu kumi na watano mbele ya skrini. Wimbo ukaisha, mkauliza, “Mnaonaje?” Wa kwanza akasema nzuri. Wa pili akasema nzuri, ila inachosha. Wa tatu akasema mngeongeza dansi. Waliobaki walikuwa wameshafungua simu zao. Mnarudi kwenye kompyuta hamjui pa kuanzia, na aliyeshika kipanya anaamua kwa niaba ya wote: anaongeza dansi.

Video nyingi za darasani huharibikia hapo. Mtazamaji ni kama mgonjwa anayeshika tumbo: usibishane naye kuhusu maumivu, lakini usimwachie ajiandikie dawa. “Mngeongeza dansi” ni dawa, na ugonjwa wenyewe bado haujatajwa. Nimekaa kwenye maonyesho mengi ya namna hii, kwanza nikiwa mwanafunzi mwenye video mbovu, baadaye nikiwa mtu wa kuitwa mambo yakishakwama. Karibu kila mara chanzo kilikuwa nyuma ya mahali palipolalamikiwa. Lalamiko la dakika ya pili lilizaliwa dakika ya kwanza, au siku ya kupiga picha, au kwenye karatasi kabla kamera haijawashwa.

Kwa hiyo nimepanga mwongozo huu kwa maneno wanayoyatamka watazamaji, maana hayo ndiyo mtakayokuwa nayo mkononi. Kabla ya kugusa kitu, hifadhini toleo mlilolionyesha na mlipe namba. Kila lalamiko liandikeni pamoja na dakika na sekunde yake. Lalamiko lisilo na sekunde ni vigumu kulitibu.

“Mdomo hauendani na wimbo”

Hili ni rahisi kulithibitisha kuliko yote, lakini hutibiwa vibaya kuliko yote, kwa sababu mhariri huanza kusukuma klipu kushoto na kulia mpaka macho yake yazoee kosa. Acheni kusukuma. Tafuteni kwanza kosa ni la aina gani.

Chukueni neno lenye m, b au p. Sauti hizo hufunga midomo, kwa hiyo fremu (moja ya picha tuli zinazounda video) ambayo midomo imegusana huonekana wazi hata kwa mtu aliyechoka. Kiswahili kinatupendelea hapa: wimbo wa mapenzi haupiti mistari miwili bila “mpenzi” au “moyo” kujitokeza. Sogeeni fremu moja moja kwenye neno la namna hiyo mwanzoni mwa shoti, katikati na mwishoni, kisha mlinganishe.

Kosa likiwa lile lile mwanzo hadi mwisho, klipu iliwekwa vibaya tu. Isogezeni fremu mbili au tatu, kazi imekwisha. Lakini ulizeni kwa nini iliwekwa vibaya ilhali programu ya kuhariri ndiyo iliyolinganisha sauti ya kamera na ya wimbo. Mara nyingi jibu ni umbali. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na kwa video ya fremu 25 kwa sekunde hiyo ni fremu moja kwa kila mita 13 au 14. Spika inayocheza wimbo siku ya kupiga picha ikiwa miguuni pa mpiga picha na mwimbaji akiwa mita 27 mbele, mwimbaji anausikia wimbo ukiwa umechelewa fremu mbili, huku maikrofoni ya kamera ikiwa imeshausikia zamani. Programu italinganisha sauti kwa usahihi kabisa, na midomo itachelewa. Spika ikihamia kwa mwimbaji, kosa hugeuka: midomo itatangulia. Mkiiweka katikati, makosa mawili yanafutana. Spika ya Bluetooth huchelewesha sauti pia, lakini hilo halina madhara mkilinganisha kwa sauti iliyorekodiwa na kamera, kwa sababu mwimbaji na maikrofoni wote wameusikia wimbo ule ule uliochelewa. Linawaumiza wale wanaolinganisha kwa kukumbuka ni lini walibonyeza kitufe.

Mkibaki na shaka ya fremu moja, acheni sauti ichelewe kidogo kuliko kutangulia. Pendekezo BT.1359 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linaeleza kwamba watu huanza kugundua kosa sauti inapotangulia picha kwa takriban milisekunde 45, lakini ikichelewa huvumilia hadi takriban 125 kabla ya kugundua. Tumezoea hivyo tangu utotoni: umeme huonekana kwanza, ngurumo hufuata.

Aina ya pili ya kosa ni ile inayoanza vizuri kisha ikapotea taratibu. Kuisogeza klipu hakutasaidia, kwani mkirekebisha mwanzo mnaharibu mwisho. Vyanzo ninavyokutana navyo ni vitatu. Cha kwanza ni simu: simu nyingi hazirekodi kwa kasi moja ya fremu, mwanga ukipungua au hali ikibadilika kasi nayo hubadilika, na programu ya kuhariri inayotarajia kasi thabiti huchanganyikiwa. Pitisheni klipu zote kwenye programu ya kubadili faili kama HandBrake, mkichagua kasi ya fremu isiyobadilika, kisha muanze upya na faili mpya. Cha pili ni kuchanganya kasi ya fremu 23.976 kwa sekunde na ya 24. Tofauti yake ni moja kwa elfu, inaonekana ya kupuuzwa, lakini kwenye wimbo wa dakika nne inafikia robo ya sekunde, yaani fremu sita hivi. Cha tatu hakihusu mashine kabisa: siku ya kupiga picha mlitumia toleo la awali la wimbo, kisha mwanamuziki akaleta “la mwisho kabisa” lenye mdundo uliopandishwa kidogo au utangulizi uliokatwa. Wekeni matoleo mawili ya wimbo juu kwa chini na msikilize. Yakiachana, mmepata mwizi. Ndiyo maana nasisitiza wimbo ufungwe kabla kamera haijawashwa, na faili iliyotumika lokesheni ndiyo iingie kwenye uhariri.

Ya tatu inatokea kwenye shoti za mwendo wa polepole peke yake. Hapo hakuna cha kulinganisha, mmepunguza kasi ya picha na midomo ikapungua nayo. Kama mlitaka mwimbaji aelee huku akiimba sawasawa, ilibidi wimbo uchezwe kwa kasi maradufu siku ile, mrekodi kwa fremu 50 kwa sekunde, kisha mpunguze hadi 25. Mwimbaji afanye mazoezi kabla, maana wimbo wa dakika nne unamwishia kwa dakika mbili na maneno yanamkimbia. Kama hamkufanya hivyo, tumieni shoti hizo pale ambapo haimbi: anageuka, anatembea, anafumba macho.

Kuna aina ya nne inayowashinda wengi. Mnapima kila m na kila b, zote zimekaa pahali pake, na bado watu wanasema mdomo hauendani. Tazameni shingo ya mwimbaji. Haisogei, kifua hakipandi, kwa sababu alikuwa akinong’ona kwa aibu ya wapita njia. Jicho la mtazamaji limeona sauti kubwa ikitoka kwenye mwili uliolala. Dawa yake ni moja, aimbe kwa sauti halisi, na kwa hilo mwongozaji hana budi kuimba naye nyuma ya kamera hata kama sauti yake ni ya kufukuza ndege. Kama hamwezi kurudi lokesheni, mpeni mwimbaji muda mfupi wa kuonekana akiimba, mkachukue shoti za upande na za mbali.

“Inachosha”

Neno moja, magonjwa kadhaa. Kwanza wabaneni kwa upole: ilianza kuchosha wapi? Mkipata sekunde, msiitazame sekunde hiyo. Rudini nyuma nusu dakika.

Nilipokuwa mwanafunzi, kikundi chetu kililalamikiwa kuanzia ubeti wa pili. Tuliuhariri ubeti wa pili mara nne. Tuliongeza kasi ya mikato, tukaweka rangi, tukaweka hata ule mtikisiko wa skrini ambao leo sitaki kuukumbuka. Malalamiko hayakuondoka. Tatizo lilikuwa kiitikio cha kwanza: ndani yake tulikuwa tumeshaonyesha lokesheni zetu zote tatu, nguo zote mbili na wacheza dansi wote, kwa sababu tulizipenda na tulikuwa na haraka ya kuzionyesha. Ubeti wa pili ulipofika hatukuwa na kitu mkononi. Mtazamaji hakuhitaji mikato ya haraka. Aliona tumefilisika.

Tiba yake haikuhitaji kupiga picha tena. Tuliondoa wacheza dansi wote kwenye kiitikio cha kwanza, tukawaacha watokee cha pili. Lokesheni ya juu ya paa tukaificha mpaka kiitikio cha mwisho. Mwanzo ukawa mtupu zaidi na video nzima ikaonekana tajiri zaidi. Kama mnafanya jambo moja tu baada ya kusoma mwongozo huu, fanyeni hili: andikeni kila kitu kipya kinachoonekana kwa mara ya kwanza kwenye video yenu, pamoja na sekunde yake. Sura mpya, mahali papya, nguo mpya, kitu kipya mkononi. Mkikuta orodha imejaa sekunde 40 za mwanzo kisha kimya, mmeshapata jibu.

Chanzo kingine ni mkato unaoangukia kila mdundo. Inapendeza kwa sekunde 20, kisha mtazamaji anaujua utaratibu na anaanza kubashiri. Msitupe utaratibu wote. Mkato mmoja mmoja ufanyeni utangulie mdundo kwa fremu mbili tatu, mwingine ufuate mwendo wa mkono au kichwa kinachogeuka, na pale penye mstari mzito wa mashairi msikate kabisa, mwacheni mwimbaji aumalize usoni mwetu.

Na mara nyingine mlipiga shoti chache. Hesabuni mipangilio ya kamera mliyonayo, si idadi ya klipu; klipu 60 za mtu yule yule kutoka pembe ile ile ni mpangilio mmoja. Hii haina tiba ya kwenye kompyuta. Mnaweza kukuza picha kidogo ili shoti pana ipate kuwa ya karibu, hasa kama mlirekodi kwa 4K (picha yenye nukta nyingi) na mnatoa kwa 1080 (yenye nukta chache), lakini hata hiyo ina kikomo. Kuna siku inabidi kurudi lokesheni kwa saa mbili na orodha fupi ya shoti za mikono, miguu, vitu na mahali patupu. Saa mbili hizo huokoa wiki za kuhangaika.

Lipo pia jibu ambalo hakuna anayependa kulisikia, kwamba wimbo wenyewe ni mrefu. Wimbo wa dakika tano wenye viitikio vinne vinavyofanana hautaokolewa na picha. Mwombeni mwenye wimbo awaruhusu kuufupisha. Ombeni, msikate kimyakimya.

“Sijaelewa hadithi”

Hapa kuna mtego. Kuna mtu asiyeelewa akataka kurudia, na kuna asiyeelewa akaacha. Wa kwanza msimguse, video ya muziki haidaiwi kueleza kila kitu. Mwaka 1992 Andrew Goodwin, mtafiti wa video za muziki, alieleza kwamba picha zinaweza kuonyesha maneno ya wimbo, zinaweza kuyaongezea maana, au zinaweza kwenda kinyume nayo. Wanafunzi wengi wanaolalamikiwa kwa kutoeleweka wamechanganya zote tatu bila kujua: ubeti wa kwanza mvua inaimbwa na mvua inaonekana, ubeti wa pili huzuni inaimbwa na watu wanacheka, na mtazamaji hajui kama kicheko kile ni kejeli au ni shoti iliyobaki. Kwenda kinyume kunafaa, ila kuanze mapema, mtazamaji ajue kwamba mnafanya makusudi.

Msiulize “Mmeelewa?” Watu wazima kwa watoto hujibu ndiyo kwa swali hilo. Semeni, “Nisimulie ulichokiona,” kisha nyamazeni. Msimwongoze hata akipotea, na hasa akipotea. Andikeni anakosea kuanzia wapi. Akisema “yule kaka na ndugu yake” ilhali mlikusudia mtu mmoja katika nyakati mbili, mmejifunza kwamba kumbukumbu yenu ya zamani haina alama. Nguo tofauti, rangi tofauti, au kitu kimoja kinachoonekana kipya kisha kikaonekana kimechakaa, kitamaliza kazi.

Chanzo cha mara kwa mara zaidi ni kwamba nyinyi mmesoma skripti. Mnajua ile bahasha ina barua ya kuachana, kwa hiyo sekunde moja ya bahasha inawatosha. Mtazamaji ameona karatasi. Ongezeni shoti ya karibu ya sekunde mbili ya maandishi au ya uso wa anayesoma. Shoti ya namna hiyo inaweza kupigwa chumbani na mkono wa mtu yeyote mwenye ngozi na shati linalofanana, na hakuna atakayegundua.

Mkizima sauti na kuitazama video yote kimya mtagundua mengine wenyewe. Sehemu ambazo bila wimbo hazisemi chochote zitajitokeza kama jino lililong’oka.

“Giza,” “rangi zinacheza,” “sura haionekani”

Haya ni ya kiufundi na mengi yanamalizika kwa kuzima mambo ambayo kamera inayafanya yenyewe.

Sura kuwa nyeusi mbele ya ukuta mweupe au anga angavu ni kazi ya kamera inayopima mwanga wa picha nzima na kuupunguza. Kwa waimbaji wenye ngozi nyeusi kosa hili linaumiza zaidi, na nimeona vikundi vikilaumu kamera wakati hakuna aliyepima mwanga usoni. Gusa uso kwenye skrini, ufunge kipimo hapo, na anga ikichomeka kidogo ichomeke. Afadhali zaidi, mhamisheni mwimbaji aondoke kwenye ukuta mweupe, au mtu asimame pembeni na karatasi kubwa nyeupe imrudishie mwanga. Kuongeza mwanga kwenye kompyuta huleta chenga, hasa kwa video za simu.

Uso unaobadilika kutoka njano kwenda bluu ndani ya shoti moja ni mizani ya rangi (white balance) iliyoachwa ijipange. Ifungeni: karibu na 5600 K (kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga) kwa mwanga wa mchana, karibu na 3200 K kwa taa za njano za zamani. Msichanganye dirisha na taa ya njano kwenye uso mmoja isipokuwa mmekusudia.

Mistari inayopanda au picha inayopepesa chini ya taa hutokana na umeme. Penye umeme wa 50 Hz taa hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde. Penye 60 Hz iwe 1/60 au 1/120. Taa za LED zilizopunguzwa mwanga zinaweza kuwa na kasi yake zenyewe, na hapo dawa ni kuiwasha taa yote kisha kuisogeza mbali. Pigeni jaribio la sekunde kumi na mlitazame likiwa limesimamishwa kabla ya mwimbaji kuanza kujipaka poda. Likishaingia kwenye klipu, kulitoa ni shughuli nzito.

Kabla hamjaamini lalamiko la giza, ulizeni limeonwa kwenye nini. Projekta ya darasani yenye mapazia wazi hufanya kila video kuwa na ukungu. Itazameni kwenye simu mbili tofauti kwanza.

“Sauti ina mwangwi,” “sauti iko chini,” “mbona imenyamazishwa?”

Mwangwi kama wa ukumbini una jibu moja mara tisa kati ya kumi: mmesahau kuzima sauti ya kamera. Imebaki chini ya wimbo, inacheza pamoja nao. Zimeni njia zote za sauti isipokuwa ya wimbo. Nimewahi kumwona mhariri akitafuta kichujio cha mwangwi kwa jioni nzima kwa sababu ya kosa hili, na sitasema kama mhariri huyo nilikuwa mimi.

Sauti kuwa chini au kubwa kuliko video za wengine si jambo la kulipigania. YouTube hupunguza sauti zinazozidi takriban -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo kuukandamiza wimbo ili upige kelele hakuwapi ushindi, kunawapa wimbo uliobanwa pumzi.

Kunyamazishwa au kuzuiwa ni suala la haki. YouTube ilianza kutumia mfumo wake wa Content ID mwaka 2007, nao hulinganisha video inayopakiwa na rekodi za wenye haki. Mwenye haki anaweza kuizuia, kuiacha akachukua mapato ya matangazo, au kuifuatilia tu. Dai la namna hiyo si onyo la kufungiwa chaneli, msiogope bure, lakini maana yake ni kwamba watazamaji wenu wa nje ya darasa huenda wasiione kabisa. Kumbukeni wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na kuuimba upya wenyewe kunawatoa kwenye moja tu. Njia nyepesi ni wimbo wa mwanafunzi mwenzenu na karatasi aliyotia saini kabla hamjapiga picha. Baada ya video kupendwa, karatasi hiyo huwa ngumu kupatikana.

“Nzuri sana!”

Naiweka hapa kwa sababu ni dalili, tena mbaya. Video ikisifiwa na watu wote kwa maneno mawili, ujue mrejesho wenu ndio unaoumwa.

Angalieni mliuliza nani. Rafiki zenu wanawatazama nyinyi, hawatazami video. Wanafurahi kumwona mtu wanayemjua akiimba. Angalieni mlisimama wapi. Mtu hawezi kukwambia inachosha huku umesimama mbele yake na uso wa aliyekesha. Na angalieni mliuliza nini. “Je, mmependa jinsi tulivyotumia rangi kuonyesha huzuni?” ni swali lililobeba jibu lake mgongoni. Nimeona hojaji za wanafunzi ambazo zote ziko hivyo, halafu ripoti inasema asilimia 90 walielewa matumizi ya rangi. Mliwaambia!

Jaribuni hivi. Kaeni pembeni ya skrini mkiwatazama watazamaji, mgongo kwa video. Mnaijua video, hamwajui wao. Kila mtu anapogusa simu, anapoegemea nyuma, anapocheka, andikeni sekunde. Miili haijui adabu. Baada ya hapo gawieni karatasi zisizo na majina kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, kwa sababu wa kwanza kusema huwafunga wengine. Akianza na “rangi nzuri,” watu kumi watasema rangi. Maswali matatu yanatosha: umeona nini, ni wapi uliacha kutazama, na shoti gani unaikumbuka sasa hivi bila kufikiri. Hilo la mwisho lina thamani kuliko lote. Shoti isiyokumbukwa na yeyote mnaweza kuikata bila kilio, na mara nyingi ndiyo iliyowagharimu siku nzima.

Kama video iko mtandaoni, mchoro wa muda wa kutazama utawaonyesha kushuka kwenyewe. Mteremko wa sekunde za mwanzo ni wa kawaida kwa kila mtu. Tafuteni ngazi, mahali ambapo mstari unaporomoka ghafla, kisha mrudi nyuma kidogo kama tulivyosema kwenye “inachosha.” Kilima kidogo nacho ni habari: watu wamerudia hapo, ama kwa kupenda ama kwa kutoelewa. Mchoro haujui tofauti, ulizeni mtu.

Maoni yatapingana, na hapo ndipo kikundi hugombana. Mmoja anasema mwisho unasikitisha mno, mwingine anasema ndio unaomfanya aipende. Msipige kura. Mwaka 1973 Stuart Hall, mtaalamu wa masomo ya utamaduni, aliandika kwamba mpokeaji anaweza kuupokea ujumbe kama ulivyokusudiwa, kuukubali nusu na kuupinda kulingana na hali yake, au kuuelewa vizuri na kuukataa. Jiulizeni kila anayelalamika yuko wapi kati ya hapo. Aliyeelewa akakataa mwisho wenu hana ugonjwa wa kutibu, ana maoni yake. Aliyepinda kwa sababu shoti moja ilimdanganya, huyo anawahusu. Mkibadilisha video kwa ajili ya wa kwanza mtampoteza yule aliyeipenda, na hamtampata huyu.

Yule wa “ongezeni dansi” je? Mwulizeni ni wapi hasa alitaka dansi. Akisema “pale katikati,” amewaambia katikati hakuna mwendo. Labda jibu ni dansi, labda ni kamera inayotembea, labda ni kuondoa sekunde nane. Uamuzi ni wenu.

Kuyaandika kwenye ripoti

Mwalimu anayesahihisha hawezi kufanya chochote na “tulipata maoni mazuri na tukaboresha.” Andikeni kama kumbukumbu za fundi: toleo la pili, sekunde ya 95, watu wanne kati ya kumi waligusa simu; tulidhani mikato ni michache, tukaiongeza, toleo la tatu likaonyesha watatu bado wanagusa simu; tukahamisha wacheza dansi kutoka sekunde ya 48 hadi ya 97, toleo la nne hakuna aliyegusa. Dhana yenu ya kwanza ikiwa ilikosea, iacheni ionekane. Ndiyo sehemu ya ripoti inayothibitisha kwamba mlijifunza, na wanafunzi wengi huifuta kwa aibu.

Badilisheni jambo moja kwa kila toleo. Mkibadilisha rangi, mikato na mwisho kwa usiku mmoja, hata lalamiko likiondoka hamtajua dawa ipi iliponya. Na lipo lalamiko la kuliacha lilivyo: lililosemwa na mtu mmoja, linalohitaji kurudi lokesheni, siku tatu kabla ya kukabidhi. Litajeni kwenye ripoti, semeni mngelifanyaje, mwendelee.

Jambo la mwisho lifanyeni mwanzoni kabisa. Kabla ya onyesho la kwanza, chagueni watu watatu ambao hawataiona video mpaka toleo la mwisho, na muwafukuze chumbani kila mnapohariri. Aliyeona toleo la kwanza hawezi tena kuiona kwa mara ya kwanza. Anajua bahasha ina nini, anajua juu ya paa kutakuja. Wale watatu hawajui.